Ukisoma Theogonia, fuata tumbo

Mara ya kwanza kuisoma Theogonia, shairi la Mgiriki wa kale Hesiod kuhusu kuzaliwa kwa miungu, nilinunua karatasi ya manila nichore ukoo wa miungu. Nikakwama kwenye mabinti wa Nereus, mungu wa bahari. Wako 50, karibu wote kwa majina, na manila imeshajaa. Nikaliweka shairi kando miezi kadhaa.

Kama unataka kulisoma, usianze na ukoo. Lina mistari 1,000 na ushee, lilitungwa yapata mwaka 700 K.K., na lilikusudiwa sikio. Shika kitu kimoja ukifuate. Mimi nilishika tumbo.

Linajitokeza mapema. Hesiod yuko chini ya mlima Helikon na kondoo wake, Muza, miungu wa kike wa nyimbo na ushairi, wanamtokea, na salamu yao ni matusi: nyie wachungaji, matumbo tu! Ndipo wanampa fimbo ya laureli na kumpulizia sauti. Tena wanamwambia wanajua kusema uongo unaofanana na kweli. Mshairi gani huliweka hilo mlangoni mwa shairi lake?

Baada ya hapo kila ugomvi unapita tumboni. Uranos, yaani Mbingu, anawazuia watoto wasitoke tumboni mwa mama yao Gaia, yaani Dunia, naye Gaia anaugulia kwa kubanwa, mpaka mwanawe Kronos anapomkata baba kwa mundu. Kronos naye anaogopa yasimpate hayohayo, anawameza wanawe: Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon. Zamu ya Zeus, mama yao Rhea anampa Kronos jiwe lililoviringishwa nguo za mtoto. Prometheus, akitaka kumpunja Zeus kwenye mgao, anaficha nyama nono ndani ya tumbo la ng'ombe. Zeus, mjanja kuliko wote, hangoji mtoto azaliwe. Anammeza mkewe Metis na mimba yake.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Watoto wanatoka katika tumbo la Rhea, wanaingia katika tumbo la Kronos, na Hesiod anatumia neno moja la Kigiriki, nedys, kwa yote mawili. Tafsiri nyingi za Kiingereza hulazimika kuligawa. Sisi tunasema tumbo, basi.

Na wale mabinti 50? Warudie mwishoni, kwa sauti, bila kalamu. Galene ni shwari. Psamathe ni mchanga. Kymothoe ni wimbi linalokwenda mbio. Kumbe nilikuwa nachora bahari kwa rula.