Tukirudi, nani anatuuliza?

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mhudumu wa afya anayezunguka kikazi afanye nini kulinda afya yake ya akili?" Mimi ni muuguzi mkunga, mwaka wa kumi na moja huu natoka na huduma za mkoba, yaani kuwafuata watu huko huko wanakoishi, na swali lenu limenichoma. Kila mara sisi ndio tunaoambiwa tufanye kitu: tulale, tusali, tuzungumze na mtu. Laiti mngeuliza tukirudi tunapokewaje.

Mwaka 2019 nilikuwa delta ya Rufiji. Wanaoijua wanajua: visiwani kule ni mikoko na mito ya maji chumvi, na saa ya safari hupangwa na bahari. Mchana kutwa tulichanja watoto. Magharibi tukaitwa nyumba moja. Mama amejifungua, kondo la nyuma limekataa kutoka, damu inamwagika. Nikamchoma oksitosini niliyokuwa nayo kwenye kisanduku cha baridi, nikamtundikia dripu, tukambeba kwa kitanda cha kamba hadi botini. M-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, na namba yake ya 115 vilikuwa havijatufikia. Nahodha akayatazama maji, akasema, "Mwanangu, leo bamvua. Twende upesi."

Saa mbili usiku boti ikakaa kwenye tope. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, pwani yetu maji hupwa mpaka kwenye saa nne usiku ndipo yaanze kurudi, kwa hiyo sote mle tulijua hesabu. Nahodha na kijana wake walishuka kusukuma, tope likawafika mapajani. Mimi nilikuwa namkanda yule mama tumbo, tochi ya simu nimeing'ata mdomoni. Mkwewe amempakata mtoto. Mama akaniuliza kama mtoto amenyonya. Nikamjibu. Baada ya muda akauliza tena, kama vile hajawahi kuuliza. Mara ya tatu alimuuliza mtu ambaye hakuwemo botini. Alikata roho kabla maji hayajageuka, nasi tukakaa naye pale mpaka saa sita, boti ilipoanza kutikisika yenyewe.

Kesho yake ofisini nilidaiwa fomu ya chanjo. Kisha kikao cha kujadili kifo: dawa ilitolewa saa ngapi, mlichelewa wapi. Maswali halali, nayaunga mkono. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015/16, na naamini maswali kama hayo yamechangia. Ila hakuna aliyeniuliza kama nimelala. Wiki iliyofuata jina langu lilikuwa kwenye ratiba ya boti ileile.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema huu ni mzigo wa mwajiri, basi. Siku moja ya kupumzika baada ya kifo, na mtu wa kukaa nawe kabla ya fomu. Hilo bado nalidai. Lakini aliyeniokoa mimi ni nahodha. Siku ya tatu alikuja na chupa ya chai ya tangawizi, akaketi barazani, akaanza kuusimulia usiku ule mwanzo hadi mwisho: tope lilifika wapi, mimi nilifanya nini. Nilikuwa sijamwambia mtu. Nikalia, naye akaendelea kusimulia.

Kwa hiyo ule ushauri wa kuzungumza na mtu, ambao nimeubeza hapo juu, naukubali nusu: awe mtu aliyekuwepo, au anayejua bamvua ni nini. Mnasihi mzuri pengine naye angefaa. Mimi sikumpata, siwezi kumsemea. Na wenzangu wanaozunguka peke yao kwa pikipiki hawana nahodha. Kwao sina jibu zaidi ya lile la kumdai mwajiri.

Mzee sasa haendi tena baharini, macho yamepungua. Nikirudi safari yoyote nampigia kabla sijavua viatu. Huanza hivyo hivyo: "Haya mwanangu, maji yalikuwaje?"