Muulize Konda Mstaafu: Kwenda kwa Mkapa, na kurudi

SWALI: Konda, salaam. Mdogo wangu ana miaka 19, anatumia kiti mwendo. Tunakaa Mbagala Rangi Tatu, si mbali na Uwanja wa Mkapa, lakini hajawahi kuuingia. AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi, Kenya na Uganda, na nasikia wataalamu wakisema watu waache magari, wapande mabasi, moshi upungue. Sawa. Hilo basi litampakia? Noah ya kukodi siiwezi.
Dada Mtu, Mbagala

JIBU: Dada Mtu, kwanza nitubu. Nilikuwa konda wa daladala, DCM ya Mbagala–Kariakoo, na siku ya Simba na Yanga nilijua hesabu moja tu: vichwa. Jioni moja pale Uhasibu, kituo cha jirani na uwanja, kijana wa magongo alishika bomba la mlango, mguu mmoja tayari uko ngazini. Nikagonga bodi mara mbili, ishara kwa dereva aondoke: "Twende, suka!" Kumsubiri apande kungeninyima vichwa vinne. Akaachia bomba taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu aliyekwisha zoea.

Kwa hiyo nakujibu kutokea mlangoni. Daladala ina ngazi, na ina konda anayedaiwa hesabu ya tajiri jioni. Hapo hata umhubirie nini, atagonga bodi. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake, imejengwa vingine: sakafu ya kituo na ya basi ziko usawa mmoja, kiti kinaingia bila kubebwa. Na hapo tumewapita wakubwa. Paris iliandaa Olimpiki na Paralimpiki 2024 huku metro yake, iliyoanza mwaka 1900, ikiwa ngazi juu ya ngazi. Laini namba 14, ya mwaka 1998, ndiyo pekee ambayo mtu wa kiti mwendo anaweza kuitumia stesheni zote.

Njia ya mwendokasi ya Mbagala inapita Barabara ya Kilwa, kwa hiyo mdogo wako anaweza kufika jirani. Kasheshe inaanza akishashuka. Kutoka Uhasibu hadi getini ni mwendo wa miguu, na siku ya mechi njia hiyo ina meza za jezi, masufuria ya mihogo, bodaboda zimepanda hadi wanapopita watu. Mwenye miguu anaruka mtaro. Kiti mwendo hakiruki. Ningeulizwa fedha ya AFCON ianzie wapi, ningesema hapo: njia tambarare, taa, na mtu wa kuzuia pikipiki. Mabasi mapya yanapendeza kwenye picha, lakini hayamfikishi mtu getini.

Halafu kuna kurudi. Tarehe 2 Agosti 2025, ufunguzi wa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, Taifa Stars iliwafunga Burkina Faso 2–0. Mpira ulianza saa 2 usiku. Huwa tunamtisha mgeni, "Kwa Mkapa hatoki mtu!" Usiku ule asiyetoka nilikuwa mimi, nimesimama barabarani na bendera yangu, bajaji wananitajia bei ya harusi.

Wajerumani kwenye Euro 2024 tiketi ya mechi waliifanya iwe na nauli ndani yake: saa 36 za kupanda mabasi na treni za mji ule bila kutoa hela nyingine. Wengi huona hapo ni bure tu. Mimi naona konda asiye na sababu ya kugonga bodi. Basi limeshalipwa, abiria apande kwa dakika moja au kwa tano, hesabu haipungui.

Usingoje 2027. Mpeleke mechi ndogo ya ligi, ya mchana, mtoke nyumbani mapema. Kila mahali kiti kitakapokwama, andika, uniletee hapa.

SWALI: Konda, si waongeze tu maegesho? Mimi basi sipandi.
Mwenye Gari, Tegeta

JIBU: Mwenye Gari, uwanja unachukua watu 60,000. Tuseme mmejibana wanne wanne, ingawa nakujua, unakuja peke yako na kiyoyozi. Hayo ni magari 15,000. Yapange bampa kwa bampa, mita 5 kila moja: foleni ya kilomita 75. Inatoka Dar, inaipita Kibaha, na mkia bado unavutwa. Watu haohao, basi refu la abiria 150, ni safari 400, na basi moja linarudia safari. Hayo magari yako yakiunguruma pale bila kusogea, moshi wanauvuta wa Temeke, tena wengine mechi wanaisikilizia redioni.

Gari liache Tegeta. Ukikosa kiti kwenye basi, simama, tulisimama sote.