Pumzi si mahali pa kuanzia kwa kila mtu
Umeuliza kama mafunzo ya umakinifu, yaani kutuliza akili kwenye kinachotokea sasa bila kukihukumu, yanamfaa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepigwa na kutelekezwa utotoni, ambaye kila akifumba macho na kufuata pumzi moyo humwenda mbio. Yanaweza kumfaa sana, ila asianze kama wenzake. Programu ya umakinifu ya wiki 8 aliyoianzisha mwanasayansi Jon Kabat-Zinn nchini Marekani mwaka 1979 hudai mazoezi marefu ya kila siku, na kwa mtu ambaye mwili wake ulizoea mapema kukaa chonjo ukisubiri kishindo cha mlango, kimya kirefu namna hiyo chaweza kufungua kumbukumbu asizoweza kuzibeba peke yake.

Aanze na dakika 3, macho wazi, akihisi nyayo zinavyokanyaga sakafu. Hofu ikipanda, atazame kitu kilicho mbele yake na kutaja rangi yake, au ainuke atembee. Kuacha zoezi katikati si kushindwa, na mwalimu asiyekubali hilo, kwa maoni yangu, hafai kumfundisha. Iwapo anaandamwa na majinamizi, au hujihisi kama yuko nje ya mwili wake, tafadhali amwone kwanza mshauri nasaha wa chuo.