Kathmandu si Birere: ushauri wa mtu wa Goma kabla ya kupanda

Pikipiki ya kwanza kunigonga maishani haikunigonga Goma, mji ambao motari anaweza kukupitia ubavuni, akakukosa kwa unywele, na bado akakulaumu. Ilinigonga Kathmandu, asubuhi ya kwanza, hatua tatu kutoka mlango wa hoteli. Nilitazama kushoto kama mama alivyonifundisha, nikaona kweupe, nikashuka barabarani. Kumbe Nepal wanaendesha upande wa kushoto. Pikipiki ilitokea kulia, ikanipiga nyonga, mwenyewe akaunganisha viganja kuniomba radhi, akaenda zake. Nyonga iliniuma wiki nzima, njiani kuelekea kambi ya chini ya Everest.

Naanza na hilo kwa sababu watu wa kwetu wakiniuliza juu ya safari ile huuliza baridi na theluji, na mimi huwajibu juu ya mji. Sisi wa Goma tuna ugonjwa wetu. Tukiona honi, vumbi, nyaya za umeme zilizosokotana kama nywele zisizochanwa, tunasema: ah, hapa ni nyumbani, hapa ni Birere, mtaa wetu wa pilikapilika. Mzungu niliyeshuka naye kwenye ndege alikuwa na hofu waziwazi. Alivaa barakoa, akapanda gari la hoteli, akaenda kulala. Nilimcheka. Milimani yeye alinipita akiwa mzima kabisa.

Fanya kwanza hesabu ya mwinuko. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Kathmandu karibu 1,400. Yaani umevuka mpaka, umepanda basi hadi Kigali, umeruka mpaka Doha na kuunganisha ndege nyingine, na mwisho wa yote umeshuka mita mia moja. Mwili haujajifunza kitu. Na usinitajie Nyiragongo, volkano yetu. Mimi pia nimewahi kuupanda, mita 3,470, enzi zile watu walikuwa wanapanda: unatoka Kibati, unalala usiku mmoja ukingoni mwa kreta, kesho yake unashuka, na baada ya wiki chache damu imeshasahau. Kuzoea hewa nyembamba utakufanyia Namche, mji mdogo wa milimani njiani kuelekea kambi, mita 3,440, ambako unalala usiku mbili kabla ya kuendelea. Siku za Kathmandu ni za usingizi, mapafu na tumbo. Mimi nililinda tumbo peke yake.

Usingizi kwanza. Saa za Nepal ziko mbele ya zetu za Goma kwa saa 3 na dakika 45. Ndiyo, hata robo saa wanayo ya kwao. Saa sita usiku ya Kathmandu, mwili wako unasema ni saa mbili na robo, hata taarifa ya habari hujamaliza kusikiliza. Sasa ongeza jambo ambalo wengi huligundua wakiwa wameshafika: msimu wa watalii ukiwa umepamba moto, ndege nyingi za Lukla, kijiji cha milimani ambako kutembea kunaanzia, haziondokei Kathmandu. Zinaondokea Ramechhap, mwendo wa gari wa saa nne au tano, na zinaruka asubuhi kabla upepo na mawingu havijafunga milima. Kwa hiyo unafuatwa hotelini saa saba au saa nane usiku, wakati ule ule usingizi unapoanza kukujia. Mtu anayefika leo na kuondoka kesho anaanza kutembea akiwa hajalala usiku mbili. Jipe usiku tatu mjini, hata kama fedha inakuuma. Amka na jua, toka nje ulipate usoni, na kahawa iache mchana.

Mapafu ndiyo yaliyonigharimu zaidi. Vumbi la Goma ni jeusi na zito, ni lava iliyosagwa na magurudumu, na nilidhani aliyekulia ndani yake hatishwi na vumbi lolote. Lakini Kathmandu imekaa ndani ya bonde lililozungushiwa vilima. Moshi wa magari na vumbi la ujenzi hukaa palepale, kama moshi wa makala katika jiko lenye dirisha moja. Mwongozaji wangu alininunulia barakoa. Nikaitia mfukoni. Nilizunguka siku mbili nyuma ya pikipiki, mdomo wazi, nikipiga hadithi na dereva.

Siku ya tano ya kutembea, kijiji cha Dingboche, mita 4,410, kikohozi kilinikamata. Hewa ya kule ni kavu na baridi, karibu kila mtu anakohoa kidogo, wanakiita kikohozi cha Khumbu, jina la eneo lile, ila anayefika na koo lililokwisha kuchubuka ana kikohozi cha aina yake. Usiku nilikaa kitako nikiegemea ukuta wa mbao ili nipate pumzi. Mama mwenye nyumba aliniletea supu ya vitunguu saumu bila kuagizwa. Nadhani wageni wenzangu ndio waliomwomba, wapate kulala. Kambi ya chini, mita 5,364, niliifikia. Kala Patthar, kilima ambacho ukisimama juu yake ndipo unakiona kilele cha Everest vizuri, niliwaachia wenzangu. Kwa hiyo barakoa ivae tangu mlango wa uwanja wa ndege, wakucheke wanaotaka.

Juu ya tumbo maneno ni machache. Kukulia kwenye maji ya bidoni hakukupi kinga ya nchi nyingine. Maji ya bomba usiyanywe, hata mswaki tumia ya chupa au yaliyochemshwa, saladi iache, na kula dal bhat: wali, mchuzi wa dengu, na mboga za majani ambazo zitakukumbusha lengalenga. Wanakuongeza mpaka ukatae.

Kwenye fedha ndipo ugoma wetu ulinifaa. Sisi tumezoea dola kukataliwa kwa mchaniko mdogo kama chawa, kwa hiyo nilikwenda na noti safi, zimelala ndani ya kitabu, na kwenye vibanda vya kubadilisha hakuna aliyezikunjia uso. Faranga za Kongo ziache kwa mama. Na muuzaji usimwite "wewe". Mwanamke aliyekuzidi umri ni *didi*, yaani dada mkubwa, mwanamume ni *dai*. Ni heshima ileile ya kumwita mama yule anayekuuzia sambaza, vile visamaki vya ziwani kwetu.

Karatasi, hapo niliumia. Nilifika wakati wa Dashain, sikukuu yao kubwa, ambayo huangukia Septemba au Oktoba; ofisi zinafungwa kwa siku kadhaa na watu wanarudi vijijini. Jamaa mmoja wa kampuni ya safari akaniambia kibali cha Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha, ambamo Everest imo, hakipatikani, ila yeye anaweza "kukisukuma" kwa dola 60 juu ya bei. Kwetu tumezoea karatasi isiyotembea mpaka impate msukumaji, nikaona kawaida, nikalipa. Siku ya pili ya kutembea, kwenye lango la hifadhi, Monjo, niliwakuta watu wamepanga foleni wanalipia kibali hichohicho dirishani, kwa rupia, wakipiga picha. Mwongozaji wangu alitazama chini. Sikumuuliza alikuwa anajua nini.

Hata hivyo naye nilimpenda, na ninakushauri ukae na wako siku nzima mjini kabla ya kumkabidhi roho yako. Alinipeleka Boudhanath jioni, watu wakizunguka stupa, lile kuba kubwa la ibada la Wabudha, kwa kufuata mkono wa saa, akanionyesha juu mahali palipopasuka katika tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, sasa pamekarabatiwa. Nikamsimulia Januari 2002, lava ikipita katikati ya mji na kumeza sehemu ya uwanja wetu wa ndege. Akanyamaza, kisha akauliza kama nyumba yetu ilisalimika. Kuanzia hapo, nilipomwambia kichwa kinaniuma, hakuchukulia ninadeka.

Mzigo: ndege ya Lukla inaruhusu kilo 15 kwa jumla, begi la mkononi likiwemo. Koti zito na mfuko wa kulalia utavikodi Thamel, mtaa wa watalii mjini Kathmandu, huna haja ya kuvibeba kutoka kwetu. Makoti yenye alama maarufu kwa bei ya mtumba ni ya kuigiza, ingawa langu lilivumilia. Viatu usivinunue kule. Vinunue Goma miezi miwili kabla, uvitembeze juu ya mawe ya lava mpaka vikutii.

Nilipopanda gari la kwenda Ramechhap ilikuwa saa nane usiku. Nilimpigia mama. Kwake ilikuwa saa nne na robo, anangoja umeme urudi apige pasi. Aliniuliza kama nimelala vizuri. Nikamwambia nimelala.