Waziri Huondoka, Jalada Hubaki

Nimefanya kazi wizarani, idara ya mipango, kwa muda mrefu wa kutosha kuwaona mawaziri wengi wakija na kuondoka. Vijana wanaoteuliwa kuongoza vitengo huniuliza mambo mawili: nifanyeje nisichafuke, na nifanyeje kazi yangu isife siku nikihamishwa? Yote mawili huwa nayajibu kuanzia masijala, yaani ofisi inayotunza majalada na kumbukumbu.

Hatari ya kwanza ni maagizo ya mdomo. Simu inaita jioni, mkubwa anasema, "Huyo mzabuni mpitisheni, karatasi zitafuata." Karatasi hazifuati. Anayefuata ni mkaguzi, tena mwaka mwingine kabisa, wakati mkubwa yule ameshahamia kwingine. Usibishane naye kwenye simu. Itikia kwa adabu, kisha andika dokezo: "Rejea maelekezo yako ya leo kwa njia ya simu. Kamati ya tathmini imebaini kuwa mzabuni tajwa hakutimiza sharti la dhamana. Naomba maelekezo yako kwa maandishi." Halina tusi wala ushujaa. Lipe namba ya folio, yaani namba ya ukurasa ndani ya jalada, lipite masijala. Nimeona madokezo ya namna hiyo yakirudi na neno moja pembeni: "Ahirisha." Mengine hayakurudi, na jambo lenyewe likafa kimyakimya.

Sikudanganyi, wapo watakaokuita mkorofi, na cheo kinaweza kuchelewa. Ndiyo maana nasema uanze na mambo madogo, ili lije kubwa watu wameshazoea kwamba wewe huandika kila kitu.

Kuhusu mgongano wa maslahi, Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, uliopitishwa mwaka 2003, unazungumzia matamko ya maslahi kwa watumishi wa umma katika ibara ya 8. Wengi wetu husaini fomu mara moja kwa mwaka tukadhani yamekwisha. Yatamke tena maslahi yako kwenye kikao chenyewe, toka nje, na muhtasari uonyeshe ajenda ambayo hukuwemo.

Penye kazi hasa ni matengenezo. Bajeti ikibana, kifungu hicho ndicho hukatwa kwanza, kwa sababu hakuna mgeni rasmi anayealikwa kukata utepe jenereta linapobadilishwa oili. Mimi sipitishi andiko la mradi lisilo na ukurasa unaosema nani atalipa umeme, vipuri, leseni za programu na mafundi mfadhili akishaondoka, na kutoka fungu lipi la bajeti. Fungu lisipotajwa, andiko linarudi. Kujenga kitu unachojua hakitatunzwa naona ni ubadhirifu, hata kama hukutia senti mfukoni. Wenzangu wengine wanaona neno hilo ni kali. Mimi bado nalitumia.

Kuhusu kazi isiyokufa watu wakibadilika, watazame Norway: walianzisha mfuko wao wa akiba ya mapato ya mafuta kwa sheria ya mwaka 1990. Mwaka 2001 wakajiwekea kanuni kwamba, kwa wastani wa miaka, serikali itumie faida inayotarajiwa tu, iliyokadiriwa kuwa asilimia 4 ya mfuko kwa mwaka. Mwaka 2017 makadirio yakashushwa hadi 3. Serikali za vyama tofauti zimepokezana, kanuni ikabaki, kwa kuwa iliandikwa wazi kiasi kwamba anayeivuka anaonekana na wote.

Kitengo chako hakina mafuta, lakini kina taarifa ya makabidhiano. Nyingi nilizosoma ni orodha ya mafanikio, na mrithi hana la kufanya nayo. Andika yaliyokwama na sababu zake, hoja za ukaguzi ambazo hazijajibiwa, mikataba inayokaribia kwisha, na mifumo ambayo nywila yake anaijua mtu mmoja tu. Anza kuiandika wiki ya kwanza ofisini, uwe unaiongezea kila robo mwaka, maana barua ya uhamisho inaweza kukufikia Ijumaa mchana ikikutaka uripoti Jumatatu.