"Geji zimepiga shoti": ni Kiswahili, lakini je, ni kweli?

SWALI: Geji mbili za Land Rover Series III yangu, ya mafuta na ya joto la injini, hupanda pamoja hadi mwisho kila niwashapo swichi. Fundi umeme anasema "geji zimepiga shoti". Rafiki yangu anasema hicho si Kiswahili, niseme "vipimo vina hitilafu ya umeme". Nani yuko sahihi?

JIBU: Kilugha fundi hana kosa. Tatizo lake liko kwenye gari.

Tuanze na rafiki. "Vipimo vina hitilafu ya umeme" ni sarufi safi isiyomsaidia mtu, lugha ya taarifa za nyumba zilizoungua. Rula ni kipimo, kibaba ni kipimo, na daktari naye hukuandikia vipimo. Mita? Karakana ya umeme wa magari wakisema "lete mita", wanataka ile ya kupimia volti. Basi geji libaki, wingi wake geji zilezile, si "mageji".

Sasa shoti. Mtu hupigwa shoti, waya hupiga shoti, na hata hesabu ya duka ikipungua jioni muuzaji ana shoti. Kwenye gari, shoti ni umeme kukatiza njia: waya umechubuka, umegusa bodi. Waya uliokatika haujapiga shoti. Ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi ya gari) iliyolegea pia si shoti. Wengi huyaita yote hayo shoti, na hapo ndipo siku nzima hupotea chini ya dashibodi.

Umeme wa geji hizo hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, kisha kwenye kidhibiti volti (mafundi huita stabilaiza) kinachoushusha hadi wastani wa volti 10 kwa kuukata na kuurudisha. Huingia kwenye geji, hushuka hadi boya la tangi (linalopima mafuta) au sensa ya joto, na kuishia kwenye bodi. Waya wa kutoka geji kwenda tangini ukikatika, mshale hulala. Waya huohuo ukigusa chasi, mshale hupanda hadi juu ilhali tangi ni kavu, na fyuzi haiungui kwa kuwa ukinzani wa geji hubana mkondo. Hiyo ndiyo shoti yenye kudanganya. Shoti ikitokea kabla ya geji, fyuzi huungua na mishale yote miwili hulala.

Yako inapanda pamoja. Nyaya mbili kuchubuka siku moja ni nadra. Kinachoziunganisha geji hizo ni kidhibiti. Chenyewe hupata ethi kupitia bati lake na skrubu inayokishika nyuma ya dashibodi. Kutu ikiingia hapo, hakikati tena umeme, na volti zote 12, au zaidi ya 13 injini ikiunguruma, hupita moja kwa moja. Kwa hiyo mwambie fundi: "Kidhibiti kimekosa ethi." Achomoe waya hasi wa betri, afungue skrubu, apige msasa hadi chuma king'ae, akaze. Mishale ikipanda bado, aunge taa ndogo ya volti 12 kati ya ncha ya kidhibiti yenye herufi I na bodi. Sekunde kadhaa za mwanzo huwaka mfululizo, kisha yapasa iwake na kuzima. Isipozima, kidhibiti kimeganda; kibadilishwe. Mita ya tarakimu itarukaruka hapo, isimtishe.

Ingekuwa geji ya mafuta peke yake, kipimo ni kingine. Chomoa waya wa boya: mshale ulale. Ukibaki juu, hapo sema kwa kujiamini, "waya umepiga shoti". Ukilala, zima swichi, funga waya huo kwenye bodi, ndipo uwashe, cheche isitokee karibu na tangi. Mshale ukianza kupanda, zima mara moja. Geji na waya ni vizima, tafuta ubovu kwenye boya au ethi ya tangi.

Mshale nao una vitenzi vyake: hulala ukikosa umeme, huganda usiposogea popote ulipo, hucheza palipo na muungano uliolegea. Fundi akisikia "unacheza", huanza kwa kutikisa plagi, hagusi fyuzi. Na waya, kwa usanifu, umekatika, nyaya zimekatika.