Seva ya RAID imegoma kuwaka: maneno kwa fundi anayeanza

Ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya seva hapa Kampala mna haraka moja inayonitia hofu. Mashine ya mteja imegoma kuwaka, na kijana tayari ameshika fleshi yenye Ubuntu (mfumo wa Linux), anataka kusakinisha upya. Hebu weka fleshi chini kwanza. Seva yenye diski mbili za RAID 1, yaani kila moja ni nakala ya mwenzake, ikikataa kuwaka, mara nyingi data ipo, nzima. Kilichokatika ni njia ya kuifikia. RAID ya Linux huunganishwa na kerneli, yaani kiini cha Linux. Kabla kerneli haijapanda, BIOS (programu ya mashine inayoanza kwanza) haijui lolote kuhusu RAID. Inaona diski mbili tu, inachagua mojawapo, na kama hiyo haina GRUB (programu inayopakia kerneli), safari imeishia hapo.

Kwa hiyo tafuta kwanza imekwama wapi. Mteja atakwambia tu "fundi, imekufa", basi soma skrini mwenyewe. Ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwashia maana yake BIOS haijaipata GRUB. Ukikuta `grub rescue>`, GRUB imeanza lakini haioni faili zake. Ukikuta `(initramfs)`, yaani mfumo mdogo wa muda wa kuwashia, kerneli imeshapanda na sasa inatafuta diski yenye mfumo, haiipati.

Hilo la kwanza ndilo ninalokutana nalo zaidi. Aliyesakinisha mfumo aliandika GRUB kwenye `/dev/sda`, diski ya kwanza, peke yake. Miaka inapita, RAID inafanya kazi vizuri, halafu diski hiyo inakufa (na umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo husaidia kuiua). Diski ya pili ina data yote ila haina pa kuanzia. Hapo ndipo fleshi ina kazi: washa nayo, piga `mdadm --assemble --scan` (mdadm ndiyo programu inayosimamia RAID), pachika mfumo kwenye `/mnt` pamoja na `/dev`, `/proc` na `/sys`, ingia kwa `chroot` ili amri zifanye kazi ndani ya mfumo huo, kisha `grub-install` kwenye diski iliyobaki. Angalia jina lake kwanza, maana sda ikishakufa, iliyokuwa sdb inaweza kuitwa sda. Mimi huamini namba iliyobandikwa kwenye diski yenyewe, ambayo `smartctl -i` huionyesha. Kwa mashine za UEFI (mrithi wa BIOS), patisheni ya EFI yenye faili za kuwashia kwa kawaida haimo ndani ya RAID, kwa hiyo kila diski inataka ya kwake, na `efibootmgr` ionyeshe zote mbili.

Kwenye `grub rescue>` piga `ls`. Ikionyesha `(md/0)`, yaani RAID yenyewe, na `/boot` imo humo, elekeza `prefix` (mahali GRUB inapotafuta faili zake) kwenye `(md/0)/boot/grub`, kisha `insmod normal`, kisha `normal`. Isipoonyesha, rudi kwenye fleshi, usipoteze muda.

Kwenye `(initramfs)` ndiko kwenye mambo. Amri ya kwanza iwe `cat /proc/mdstat`, inayoonyesha hali ya RAID. `[UU]` ni diski mbili nzima, `[U_]` ni moja imetoka. Ukikuta RAID imeandikwa `inactive`, mara nyingi mfumo umepata diski moja na unasita kuendelea nayo. `mdadm --run /dev/md0`, halafu `exit`, na seva itapanda. Ukikuta RAID inaitwa md127 badala ya md0, `mdadm.conf` iliyomo ndani ya initramfs haina habari za RAID hiyo, na kama fstab (orodha ya vya kupachika) imeandikwa `/dev/md0`, haitapachikwa. Seva ikishapanda, chukua mstari wa `mdadm --detail --scan`, uweke kwenye `/etc/mdadm/mdadm.conf`, kisha `update-initramfs -u` ili initramfs ijengwe upya. Wenye Rocky au AlmaLinux watatumia `dracut -f`.

Kabla ya kulazimisha chochote, piga `mdadm --examine` kwa kila patisheni na ulinganishe mstari wa Events, hesabu ya mabadiliko ya RAID. Yenye namba kubwa ndiyo iliyoandikwa mwisho. Ukiwasha kwa ile nyingine, mhasibu atafungua vitabu vyake na kukuta mauzo ya wiki kadhaa hayapo, na hapo mtaelewana kwa shida.

Amri moja usiiguse kabisa ukiwa katika hali hii: `mdadm --create`. Huandika maelezo mapya ya RAID (metadata) juu ya yale ya zamani, na ukikosea mpangilio wa diski au toleo la metadata, data uliyokuwa nayo inaanza kuwa hadithi.

Usisahau pia waya. Seva iliyofungwa Kampala ikapakiwa kwenye basi hadi Arua inafika na kebo ya SATA imelegea, mdstat inasema `[U_]`, na fundi anaagiza diski mpya bure. Fungua, kandamiza kebo, soma afya ya diski kwa `smartctl -a`, ndipo uhukumu.

Seva mpya usiikabidhi kabla ya kuijaribu. Izime, chomoa diski moja, iwashe. Ikipanda, zima, rudisha diski, washa tena na uiongeze kwa `mdadm /dev/md0 --add` na jina la patisheni yake kama haijarudi yenyewe. Kisha subiri. Usichomoe ya pili kabla mdstat haijarudi kuwa `[UU]`, maana ukiwasha kila diski peke yake bila kuzisawazisha katikati, kila moja itakuwa na maandishi yake, na mdadm haina namna ya kuzichanganya.